Mbwa Wako Amezeeka, Nawe Hulali

Mwezi uliopita simu yangu ililia saa tano usiku. Alikuwa Afande, sajini mstaafu anayekaa njia ya kwenda Malaba. Hakusalimia, na Afande si mtu wa kusahau salamu.

"Daktari, niambie ukweli. Komando amebakiza siku ngapi?"

Nikamuuliza mbwa anafanya nini saa hiyo. Amelala. Amekula? "Amekula posho na mukene, lakini amebakiza." (Posho ni ugali wetu, mukene ni dagaa.) Sasa kilichokutisha ni nini, Afande? Akanyamaza kidogo. "Macho yameingia ukungu. Kila akinitazama naona kama ananiaga."

Mimi ni daktari wa wanyama hapa Tororo, mashariki mwa Uganda. Simu za namna hii huja usiku, kwa sababu mchana mtu ana shughuli zake. Na karibu wote huanza kwa kuomba radhi: samahani Daktari, najua ni mbwa tu. Mtu akifiwa na ng'ombe, kijiji kizima kinakuja kumpa pole. Mwenye mbwa mzee akimwambia jirani kwamba hapati usingizi, anaambiwa subiri, wa kwangu akizaa nitakupa mtoto mmoja. Basi anarudi ndani na wasiwasi wake, anaulea peke yake.

Mimi sioni aibu yoyote katika wasiwasi huo. Ninachougombeza ni jinsi unavyopenda kutazama pasipo na kitu na kupita penye kitu.

Chukua hesabu ya umri. Watu hunipigia wakiwa wamezidisha kwa saba: mbwa wangu ana miaka 10, yaani 70, si ndiyo mwisho? Hesabu hiyo haina msingi. Mbwa wa mwaka mmoja anaweza kuzaa. Hebu nionyeshe mtoto wa miaka saba anayezaa. Umri wa mbwa hukimbia sana mwaka wa kwanza na wa pili, halafu kasi hutegemea mwili. Mwenye mwili mkubwa, kama wale tunaowaita mbwa wa polisi, akifika miaka 7 au 8 nahesabu ameingia uzeeni. Hawa wetu wadogo wa kienyeji, wakipona magari na kichaa cha mbwa, kwenye 10 ndio kwanza naanza kuwachunguza kwa macho ya uzee. Kule Australia palikuwa na mbwa wa kuchunga ng'ombe, jina lake Bluey, aliyekufa mwaka 1939 akiwa na miaka 29. Simtaji ili uweke tumaini huko. Namtaja kwa sababu uzee si ugonjwa, na "ni uzee tu" ndilo neno lililowaua mbwa wengi mikononi mwa watu wanaowapenda.

Asubuhi yake nikaenda kwa Afande. Komando alikuwa amelala chini ya mwembe, akapiga mkia mara mbili bila kunyanyuka. Nilichuchumaa nikamwelekeza uso kwenye mwanga. Jicho la kulia: ndani kabisa ya mboni kulikuwa na rangi ya kijivu, kama glasi iliyooshwa kwa maji ya chokaa. Hiyo ni lenzi kukakamaa kwa umri; karibu mbwa wote wazee wanayo, haiumi, na wanaendelea kuona. Jicho la kushoto lilikuwa na habari nyingine. Ukungu wake ulikuwa juujuu, kwenye konea yenyewe, kile kioo cha mbele ya jicho, wa buluu kama moshi wa kuni mbichi, na machozi yalichora mfereji kwenye manyoya. Nikamshika chini ya taya: tezi zimevimba kama mbegu za parachichi. Nikainua mdomo: fizi zimepauka. Kipimajoto kikasoma 40.1, wakati mbwa mzima hapiti sana 39.

Uzee haupandishi joto.

Nilitoa tone la damu, nikaliweka chini ya hadubini, nikamwita Afande atazame. Katikati ya chembe nyekundu kulikuwa na kitu chembamba kikijinyonganyonga kama samaki kwenye matope, kikizisukuma chembe huku na huku. "Ni adui?" akauliza. Ni adui, Afande. Ni vijidudu vya nagana, wanaoletwa na mbung'o. Si bure kwamba enzi za ukoloni taasisi ya Afrika Mashariki ya kuchunguza nagana na malale iliwekwa hapa hapa Tororo. Watu wanajua ng'ombe huugua nagana. Wachache wanajua kwamba mbwa huugua pia, na kwamba dalili mojawapo kwake ni jicho kugeuka buluu. Tena baadhi ya vijidudu hao wa huku mashariki ndio hao hao wanaowapa watu malale, kwa hiyo damu ya mbwa kama huyo naishika kwa glavu.

Dawa ipo, ni ile ile inayochomwa ng'ombe. Ila nakuomba usinunue dukani ukamchoma mwenyewe: kwa mbwa, kipimo kinachoponya na kinachodhuru ubongo havipishani sana. Nilimpima uzito kwanza, nikamchoma, nikamwambia Afande ukweli kwamba ugonjwa unaweza kurudi na kwamba nitaipima damu tena. Jicho lilianza kusafika baada ya wiki kadhaa.

Fikiria basi: yule mzee alikuwa ameshaanza matanga. Marehemu bibi yangu, aliyekuja huku kutoka Mombasa na babu enzi za kazi ya reli, angeita huo uchuro, kumlilia mtu angali anapumua. Na wakati Afande analia, mbwa alikuwa na ugonjwa wenye dawa.

Kinyume chake pia kipo. Kuna mama mmoja wa Malaba aliyeniletea kijibwa chake kwa boda, kimefungwa kwenye kanga kama mtoto, akilia tangu njiani, kwa sababu ya uvimbe ubavuni. Uvimbe ulikuwa laini, unateleza chini ya ngozi. Nikaingiza sindano, nikavuta, nikapaka kwenye kioo: mafuta matupu. Kijibwa kilirudi nyumbani na uvimbe wake, na bado wanaishi vizuri wote watatu.

Kwa hiyo siwaambii watu waache wasiwasi. Nawapa vitu vya kupima. Cha kwanza ni pumzi. Mbwa akiwa usingizini, hesabu kifua kinavyopanda kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Ikiwa chini ya 30, lala. Ikipita 30 usiku baada ya usiku, njoo tumsikilize moyo. Cha pili ni maji. Mbwa wa kilo 20 anayemaliza zaidi ya lita mbili kwa siku anakuambia jambo: figo, au sukari, au, kama ni jike asiyefungwa kizazi na alikuwa kwenye joto wiki chache zilizopita, mji wa mimba umejaa usaha. Huyo wa mwisho usimlaze hata usiku mmoja. Cha tatu ni uzito, na hapa watu husema hawana mizani. Kwenye mashine ya kusaga kuna mizani ya mahindi. Mpe kijana wa pale soda. Mbwa aliyepungua kilo 2 kati ya 18 ni jambo kubwa, na macho yako hayatakuonyesha kwa sababu unamwona kila siku.

Kuhusu maumivu ya viungo nitasema moja tu: dawa za binadamu, hizi diklofenaki na aibuprofeni zinazouzwa kila kona, zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Nimewaona wengi mno walioletwa wakitapika damu kwa sababu ya huruma ya mwenyewe.

Sasa usidhani daktari amekingwa na haya. Nilikuwa na mbwa jike, Chai, miaka 13. Figo zake zilipoanza kuchoka nilijua kila kitu kilichokuwa kinaendelea ndani yake, na ujuzi huo haukunisaidia hata kidogo saa nane za usiku. Nilikuwa natoka na tochi kwenda verandani kuangalia kama kifua kinapanda. Usiku wa nne au wa tano alifungua jicho moja, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyechoka na wageni, akainuka kwa shida na kwenda kulala upande wa pili wa nyumba, nyuma ya pipa la maji, ambako tochi haifiki. Mume wangu akasema, "Umemfukuza mgonjwa kitandani kwake."

Kesho yake nilitundika kalenda nyuma ya mlango wa jikoni. Niliandika mambo matatu ambayo Chai alikuwa Chai kwa ajili yake: kula ukoko wa posho, kuipokea pikipiki yangu getini, na kubwekea mbuzi wa jirani. Akifanya mawili kati ya hayo, siku inapata duara. La sivyo, msalaba. Kuna daktari wa Marekani, Alice Villalobos, aliyetunga kipimo kipana zaidi cha mambo saba, kila moja likipewa alama hadi 10: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Akipata zaidi ya 35 kati ya 70, anasema, bado inafaa kuendelea kumuuguza. Nawapa wateja kipimo hicho. Kwangu binafsi ukoko ulitosha.

Faida ya kalenda ni kwamba unaweka sharti mapema, ukiwa na akili zako, kabla siku yenyewe haijaja na machozi. Kwa miezi mitatu nilichora maduara, na usiku nikalala. Kisha misalaba ikaanza kuingia, mmoja, miwili, halafu wiki nzima ikawa na duara moja, la Jumanne, ambalo nikilitazama leo najua nililichora kwa upendeleo. Sikumchoma mwenyewe ile sindano ya mwisho. Nilimwita mwenzangu kutoka Mbale, nikakaa sakafuni, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Mbuzi wa jirani walikuwa wanapita. Aliinua masikio, hakubweka.

Nilikaa wiki mbili bila kumwambia mteja yeyote. Nilikuwa nasikia aibu ile ile ya "ni mbwa tu".

Wiki iliyopita nilirudi kwa Afande kupima damu. Ilikuwa safi. Komando alikuja mwenyewe mpaka getini, jicho la kushoto limebaki na kovu dogo jeupe kama punje ya mchele. Afande alinitolea daftari la shule lenye mistari aliyoichora kwa rula, tarehe upande wa kushoto, ripoti upande wa kulia, kila usiku bila kuruka.

Ya usiku uliotangulia ilisomeka: "Saa 2100, pumzi 22. Maji nusu lita. Hali shwari. Saa 2140, mhusika amekamatwa na ndala yangu."