Askari Sugu wa Vita: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Aliyekaa sana vitani hana hisia tena."
Hisia anazo, ila amejifunza kuzibana. Risasi zikilia hakuna nafasi ya kumlilia mwenzako, kwa hiyo akili huyaweka majonzi kando ili mikono iendelee na kazi. Shida huanza nyumbani, maana ganzi hiyo haichagui: iliyomkinga na hofu ndiyo inayomnyima furaha mtoto wake anapomrukia mlangoni. Anatabasamu kwa kuwa anajua anapaswa kutabasamu. Watu husema ana roho ngumu. Lakini huyohuyo hatoi chozi msibani, na sufuria ikianguka jikoni anajikuta amelala chini ya meza, moyo unamwenda mbio.

"Kadiri anavyopigana ndivyo anavyozoea."
Wiki za mwanzo, ndiyo, askari hukomaa. Baadaye huanza kuchakaa. Mwaka 1946 Wamarekani John Appel na Gilbert Beebe, waliochunguza askari wa miguu wa Vita vya Pili vya Dunia, walikataa kabisa kwamba mtu huzoea mapigano. Walikadiria kuwa wengi huishiwa nguvu za kupigana wakifikisha siku 200 hadi 240 za mapigano. Madaktari wa jeshi walikuwa wakipokea hata masajini wakongwe, wale waliotegemewa na kikosi kizima, wakiwa wanatetemeka.

"Wanaovunjika ni waoga."
Jenerali Patton wa jeshi la Marekani aliamini hivyo. Agosti 1943, kisiwani Sicily, Italia, aliwapiga makofi askari wawili waliolazwa hospitalini. Mmoja akaja kugundulika ana malaria! Mkuu wake, Jenerali Eisenhower, alimwamuru aombe radhi. Na ukitaka shujaa, mtazame Audie Murphy, aliyetunukiwa nishani ya juu kabisa ya Marekani: miaka mingi baada ya vita alikuwa bado analala na bastola yenye risasi karibu naye.

"Kila aliyerudi vitani ni hatari kwa jirani."
Wengi hurudi na kuishi kama watu wengine. Miongoni mwa walioumia, wapo wanaosumbuliwa na hofu, na wapo ambao kinachowatafuna ni aibu: walichokifanya, au walichoshindwa kukizuia. Hao wa pili ukiwaambia "vita vimekwisha, uko salama" hujawagusa, kwa sababu usalama haukuwa swali lao. Wanahitaji mtaalamu wa kuwasikiliza wakisimulia tukio lenyewe, bila kukimbilia kuwasamehe wala kuwahukumu.