Je, Wajua Kwa Nini Mzaramo Anaweza Kumnyang'anya Msukuma Kuku Wake Chuoni Wakaishia Kucheka?

Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni, limetoka. Kijana wa Kisukuma anaingia bwenini na chipsi kuku, na kabla hajakaa rumeti wake Mzaramo ameshabeba paja. "Hii hongo yangu. Babu zako walipita kwetu kwenda pwani, hukujua?" Mgeni aliyemo chumbani anasubiri ngumi. Anachosikia ni Msukuma akimwambia mwenzake kwamba kwao Uzaramoni watu huamka pale tu ngoma inapolia, kisha wote wanashambulia chipsi zilizobaki. Huo ndio utani.

Neno hongo hapo halikuropokwa. Katika karne ya 19 lilikuwa ushuru wa njia: msafara ulipopita katika nchi ya mtu, ulilipa vitambaa, shanga au nyaya ndipo uruhusiwe kuendelea. Maana ya rushwa tunayoijua leo imekuja kukaa juu ya ile ya zamani. Na waliokuwa wakipita zaidi ni wapagazi wa Kinyamwezi, ndugu wa Wasukuma, wakishusha pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo. Haikuwa safari ya kitoto. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kaze, eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba.

Sasa fikiria mpagazi ameugua njiani, nusu ya safari, hana ndugu. Anahitaji maji, pa kulala, na akifa, mtu wa kumzika. Wenyeji na wapita njia wasingeweza kuishi kwa kugombana kila msimu. Ukazaliwa utani: ruhusa ya kutukanana na kuchukuliana vitu bila kinyongo, pamoja na wajibu wa kuzikana. Kwingine ulitoka kwenye vita. Wangoni na Wahehe waliuana vibaya kati ya 1878 na 1882, na leo ni watani. Wachaga na Wapare wao ni majirani tu wa mlima na mlima, na pengine majirani ndio wanaojuana aibu kuliko wote.

Ndiyo maana magazeti huziita Simba na Yanga watani wa jadi, si maadui.

Chuoni mambo yamelegea. Siku hizi kila mtu anamrukia kila mtu: Mhaya ataitwa "nshomile" (kwa Kihaya, nimesoma) na watu ambao kabila lao halina utani wowote na lake, kisha akinuna anaambiwa hajui utani. Mimi naona ana haki ya kununa. Mtani wa kweli ana kibali chenye gharama, na gharama hiyo hulipwa msibani. Huko mtani ndiye anayechota maji, anayechimba, anayemkemea mfiwa aache kulia ovyo, na ndiye pekee anayeweza kuigiza vituko vya marehemu mbele ya jeneza asipigwe.

Tulipokuwa mwaka wa pili, mwenzetu Mpare alifiwa na baba yake. Rumeti wake Mchaga alikuwa amemsumbua miaka miwili kwa hadithi ileile, kwamba Mpare huuza ng'ombe ili agharimie kesi ya kuku. Naye alikuwa akijibiwa kwamba Mchaga akisikia sarafu imeanguka, hata kaburini atafufuka aiokote. Usiku ule Mchaga alikopa nauli, akapanda naye basi hadi Same. Alibeba ndoo tangu asubuhi. Jeneza lilipofikishwa makaburini, akashuka ndani ya shimo na viatu vyake vya chuo, akalala chali, akafumba macho.

"Mzee huyu hashuki. Nilishamwambia hapa ni kwangu. Elfu mbili, au mrudi naye nyumbani."

Mjane ndiye aliyecheka wa kwanza. Akafungua pindo la khanga, akatoa elfu moja.

"Mpare hadi leo!" akafoka Mchaga kutoka shimoni, na makaburi yote yakaangua kicheko.