Ukucha si ngozi

Wengi wanaonijia na ukucha wa mguu ulionenepa na kugeuka manjano huwa wameshamaliza tyubu kadhaa za krimu ya fangasi. Krimu inaua fangasi kweli, ila fangasi wamejificha chini ya ukucha, na yenyewe imebaki juu.

Mimi ni mfamasia wa utengenezaji wa dawa, na hata sisi wa maabara tulikosea kwa muda mrefu kwa kuuchukulia ukucha kama ngozi ngumu tu. Ngozi hulindwa na mafuta, hivyo dawa inayopenda mafuta huipenya. Ukucha una mafuta kidogo mno. Ni seli zilizokufa, tabaka 80 hadi 90 zilizobanana, na keratini yake, yaani protini inayoujenga, imefungwa kwa vifungo vya salfa. Ukilowa huvimba na kupitisha vitu kama jeli. Ndiyo maana ukitoka kuoga kucha hukatika kwa urahisi, na ndiyo maana maji huisaidia dawa kupita.

Halafu kuna ukubwa wa molekuli. Tavaboroli, dawa ya fangasi ya kupaka ukuchani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, ina uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 152 hivi, karibu nusu ya terbinafini, dawa nyingine ya fangasi. Lakini udogo peke yake hautoshi. Terbinafini ikipakwa hunaswa na keratini njiani: imo ukuchani, ila haiko huru kuua chochote. Efinakonazoli, nayo dawa ya fangasi ya kupaka, ni nzito kuliko zote mbili, lakini keratini haiing'ang'anii sana, kwa hiyo hufika chini ikiwa bado na makali. Tunapenda mno kupima dawa iliyoingia. Iliyobaki huru ndiyo ningetaka kuiona kwanza.

Zipo pia njia za kuubomoa ukuta wenyewe. Yurea ya asilimia 40 huulainisha. Asidi ya thayoglikoliki, jamaa wa kemikali za krimu za kuondolea nywele, hukata vile vifungo vya salfa. Leza hutoboa vitundu. Mimi bado naipenda tupa: unasugua tabaka la juu, lililo gumu kupenyeka, ndipo unapaka. (Mwenye kisukari au ganzi miguuni asijisugue mwenyewe.)

Pamoja na hayo yote, katika majaribio makubwa ya efinakonazoli, waliopaka kila siku kwa wiki 48 wakapona kabisa walikuwa kati ya 15 na 18 katika kila 100. Kupona kabisa huko kunadai ukucha uwe safi wote, na ukucha wa mguuni hukua kama milimita 1.5 tu kwa mwezi. Fangasi wanaweza kuwa wamekufa zamani, na ile manjano bado inasogea polepole kuelekea nchani.