Si kila dirisha lililozibwa lilikwepa kodi

Katika miji ya Uingereza kama Bath, nyumba nyingi za karne ya 18 sasa ni ofisi, hoteli na maduka. Mgeni akiuliza kuhusu dirisha lililojazwa matofali, huambiwa kuwa mwenye nyumba alikuwa akikwepa kodi ya madirisha, yaani kodi ya serikali iliyotozwa kulingana na idadi ya madirisha ya nyumba.

Kodi hiyo ilikuwepo kweli, kuanzia 1696 hadi 1851, na wapo walioziba ili kuipunguza. Imani hii haikutoka hewani. Ila madirisha mengi ya aina hiyo hayakuwahi kutiwa kioo. Wajenzi wa wakati ule walipenda uso wa nyumba ulingane kushoto na kulia. Ndani kukiwa na dohani au ukuta wa kugawa vyumba, waliweka umbo la dirisha tu, kwa ajili ya sura. (Ujanja mzuri, kusema kweli.)

Chunguza mwenyewe ukiwa barabarani. Matofali ya kizibo yakifungamana na ya ukuta, huenda yapo tangu mwanzo. Mstari wima ulionyooka pembeni huashiria kazi ya baadaye. Tazama na paa: je, dohani imesimama juu ya dirisha hilo? Na nyumba ikiwa ya 1870, kodi ilishafutwa.