Mvua za mwezi wa tisa mwambaoni mwa Kivu: tunayoamini na yaliyo kweli

Vumbi la kiangazi limeanza kukatwa na manyunyu, na hapa Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, swali ni lilelile kila avenyi (mtaa): wiki hii itakuwaje? Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano mvua ndiyo mwenyeji wetu, na wiki za mwanzo husumbua sana kuzikadiria. Asubuhi jua linawaka, saa nane radi inapiga, jioni anga limetakata. Katikati ya kigeugeu hicho tunatembea na imani nyingi, nyingine za kurithi, nyingine za kuokota barabarani. Zipo zisizo na madhara. Zipo pia zinazoua, na hizo ndizo zinazonikosesha raha.

"Simu inaonyesha mvua siku saba mfululizo, basi wiki imeharibika."

Alama ya wingu lenye matone haina maana kwamba mvua itanyesha kutwa nzima. Programu nyingi za simu hutumia hesabu za kompyuta zinazoikata dunia katika miraba yenye upande wa kilomita 9 au zaidi. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kubeba kwa pamoja maji ya ziwa yaliyo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, sehemu yote ya mji wetu iitwayo Ibanda, na vilima vinavyopita mita 2,000. Kompyuta inapata wastani, wewe unapata mvua ya mtaa wako. Ndiyo maana mtaa wa Bagira unaweza kulowa huku wa Nguba wakianika nguo.

Ukiona asilimia 60, kwa kawaida ni uwezekano wa mvua kunyesha mahali ulipo kwa muda uliotajwa. Haisemi kama itakuwa ya dakika kumi au ya saa tatu. Ulaya utabiri wa siku nne au tano hushika vizuri zaidi, kwa kuwa huko mvua nyingi huletwa na mifumo mikubwa ya hewa inayoonekana ikija kutoka mbali. Sisi tuko karibu na ikweta. Mawingu yetu mengi huzaliwa hapahapa, hukua na kufa katika saa chache. Utabiri wa wiki nzima nausoma ili kujua mwelekeo tu. Wa siku ileile una uzito zaidi, na ngurumo unayoisikia kwa masikio yako ina uzito kuliko yote.

"Kwetu hakujanyesha, kwa hiyo mto hauna shida."

Hii imetugharimu vibaya. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua kubwa ilishuka juu ya vilima vya Kalehe. Mito ikatelemka na mawe, magogo na matope, ikapiga vijiji vya Bushushu na Nyamukubi kandokando ya ziwa. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Waliokufa walipita 400, na wengi hawakuonekana tena.

Mto hauangalii anga lililo juu ya kichwa chako. Unabeba kilichonyesha huko ulikotoka, na katika milima hii mikali maji hayachukui siku kufika. Ni suala la saa, wakati mwingine dakika. Kuna dalili ambayo kila mtu wa bondeni anapaswa kuijua: mto ukipungua ghafla wakati kunanyesha mlimani, usishukuru. Huenda udongo ulioporomoka umeuziba huko juu, na kizuizi hicho kikiachia, maji yote yatakuja kwa mara moja. Maji yakibadilika rangi ghafla na kuanza kuleta matawi mabichi, toka. Wenye parseli (viwanja) kwenye mteremko waangalie nyufa mpya ardhini, mlango ambao jana ulifunga vizuri na leo umekwama, miti iliyoanza kuinama. Mteremko unaweza pia kuanguka baada ya mvua kukatika, maana maji yanaendelea kuzama ndani ya udongo.

"Radi hutumwa na mtu."

Hapa naomba tukae kidogo. Utafiti wa vipimo vya setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mbele duniani kwa wingi wa radi. Kwa Afrika, nafasi ya kwanza ilikwenda kwenye milima ya mashariki mwa Kongo. Tunaishi ndani ya moja ya maeneo yanayopigwa radi zaidi duniani. Hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo inapanda milima, joto linaisukuma, mawingu yanarefuka hadi barafu na matone yanagongana ndani yake na kujaza umeme. Mahali kama hapa watu watapigwa hata kama majirani wote wanapendana.

Lakini mtu akifa, familia inauliza: kwa nini yeye, na wengine wamebaki? Kwa nini ng'ombe watano wamekufa na mchungaji mzima? Jibu lipo. Radi ikipiga mti, umeme husambaa ardhini kuzunguka mti. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, kwa hiyo umeme unapanda upande mmoja na kutokea upande wa pili, ukipitia moyoni. Mchungaji aliyesimama miguu imekaribiana anapata kidogo. Hakuna aliyemchagua mtu. Bibi kizee anayefukuzwa kijijini au kupigwa kwa ajili ya radi anaonewa, na hilo linaniuma kuliko radi yenyewe.

Nguo nyekundu haiiti radi, wala kioo ukutani. Kujikinga chini ya mwavokado au mkaratusi ndiko kunakoua. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie sauti: kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya nyumba imara au gari lenye paa la chuma, na ukae humo mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Simu mkononi haivutii radi, ila ikiwa kwenye chaja ichomoe.

Na hili nalisema kwa sauti kubwa: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Watu huogopa kumshika, wanasubiri, naye moyo wake umesimama na pengine ungeweza kurudi. Mguse. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua palepale, kwa nguvu na kwa haraka, huku mwingine akitafuta usafiri.

"Ziwa si bahari, na usiku limetulia."

Mchana vilima hupata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda huko, na mvua nyingi ya alasiri inaangukia mlimani. Usiku mambo yanageuka. Vilima vinapoa, hewa baridi inateremka kutoka pande zote mbili na kukutana juu ya maji ambayo bado yana joto. Hapo dhoruba huzaliwa katikati ya ziwa, mara nyingi kabla ya alfajiri, saa ambazo wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, wako nje na taa zao. Anga safi la saa moja jioni halikuahidi chochote kuhusu saa tisa usiku.

Upepo ukikuta boti limejaa kupita kiasi, hauhitaji kuwa mkali. Oktoba 2024 boti lililotoka Minova lilizama likiwa karibu kabisa kufika Kituku, Goma, watu wa bandarini wakiangalia. Lilikuwa limebeba kupita uwezo wake, na makumi ya abiria walikufa. Kama nahodha anaongeza watu huku mawingu yanajikusanya kwenye vilima vya kisiwa cha Idjwi, shuka, hata kama umeshalipa.

"Dhoruba kali italikoroga ziwa na gesi itoke."

Hofu hii naielewa, kwa sababu gesi ipo kweli, kabonidioksaidi na methani kwa wingi mkubwa. Ila imelala chini sana, zaidi ya mita 250, ndani ya maji yenye chumvi nyingi na mazito kuliko yaliyo juu, na ziwa lenyewe linafika karibu mita 480. Upepo hukoroga tabaka la juu tu, hadi mita 60 hivi. Isitoshe, mkorogo huo mkubwa hutokea kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, pale upepo mkavu wa kusini-mashariki unapopoza maji ya juu yakawa mazito na kuzama. Ngurumo za wiki hizi hazifiki huko chini.