Breka ya 32 kwenye waya wa mbili na nusu: wanayosema watu na ulivyo ukweli

Julai iliyopita, katikati ya ile baridi ya Arusha ya kuogea maji ya moto au kutooga kabisa, mama mmoja wa Sakina alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia kwenye shida yake: "Mwanangu, hii breka inaniaibisha mbele ya wageni. Mtu yuko bafuni ana povu kichwani, mwingine akiwasha jagi la chai, umeme chali. Njoo uniwekee kubwa." Fundi aliyemfungia shawa ya umeme ndiye aliyemwambia breka ya 20, yaani ile swichi ya ampea 20 inayojizima mzigo ukizidi, ni dhaifu, aweke ya 32.

Dhana: Breka ikizima-zima ni ndogo, weka kubwa.

Breka imewekwa kwa ajili ya waya uliofukiwa ukutani. Shawa ile imeandikwa wati 5,500. Gawa kwa volti 230, unapata karibu ampea 24. Jagi la wati 2,000 linaongeza karibu 9. Jumla 33. Na yule fundi hakuvuta waya mpya, alichomoa tu kwenye laini ya soketi za chumbani, waya wa 2.5, yaani shaba ya milimita za mraba 2.5. Waya huo wa shaba ukipita peke yake kwenye paipu ukutani, hewa ikiwa nyuzi joto 30, unabeba ampea 24 hivi. Saketi mbili zikibanana kwenye paipu moja, unashuka hadi 19. Upitishe juu ya dari, chini ya bati, jua la Moshi likiwa utosini, unashuka tena.

Basi ile breka "dhaifu" ndiyo peke yake iliyokuwa inafanya kazi mle ndani. Nilipofungua kiboksi cha shawa, plastiki ya waya ilikuwa imegeuka kahawia, na nilipoikunja kidogo ikakatika kama chapati ya juzi. Hiyo ni kwa breka ya 20. Ingewekwa ya 32, chai na kuoga vingeendelea kwa raha, na waya ungeiva taratibu ndani ya plasta pasipo mtu kujua.

Kanuni ni moja: mzigo usizidi breka, na breka isizidi uwezo wa waya. Kwa kawaida taa zinakwenda na waya wa 1.5 na breka ya 6 au 10, soketi 2.5 na breka ya 20. Shawa kama ile nilivutia waya wake wa 6 moja kwa moja kutoka kwenye boksi la breka, ndipo 32 ikapata mahali pa kukaa.

Dhana: Breka ya 32 inazima ikifika 32.

Wengi wanashangaa hapa, na mafundi wamo. Breka za nyumbani zimetengenezwa zivumilie mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kuzima, yaani ampea 36 kwa hiyo ya 32. Ikifika mara 1.45, karibu ampea 46, inatakiwa izime, lakini imepewa hadi saa moja. Shoti ndiyo inayoizima papo hapo. Sasa chukua ampea 40 kwenye waya wa 24: joto linapanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo ni karibu mara tatu ya lile lililokusudiwa, na breka inaweza kuwa inatazama tu.

Dhana: Mbona kwa jirani Njiro soketi za 2.5 zina breka ya 32?

Huenda jirani ana saketi ya mzunguko, mtindo wa Waingereza: waya unatoka kwenye breka, unazunguka soketi zote, unarudi kwenye breka ileile. Umeme unapita njia mbili na kugawana mzigo. Waya umekatika sehemu moja, au fundi wa kupaka rangi kauvuta ukachomoka? Soketi zote zitaendelea kuwaka, na hutajua kwamba mduara umevunjika. Upimwe.

Dhana: Unene wa waya unaonekana kwa macho.

Unachokiona ni plastiki. Menya: waya wa 2.5 wa nyuzi saba, kila uzi una kama milimita 0.67. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukitoa weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hesabu zote za hapo juu hazikuhusu.

Dhana: Breka inaokoa mtu akipigwa na umeme.

Hapana. Mkondo wa kukuua ni wa sehemu ndogo sana ya ampea moja, breka ya 20 hata haiuhisi. Kazi hiyo ni ya RCD, swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30, pamoja na waya wa ardhi uliofika ardhini kweli. Bafuni kusikose.

Dhana: Waya mnene kwenye breka ndogo ni kosa.

Ni pesa tu. Ila waya wa 6 ukiungwa kwa 2.5 katikati ya safari, breka ifuate ule mwembamba.

Nilipomaliza, mama akaniuliza ile breka mbovu ya 20 niende nayo. Nimeiacha palepale, kwenye soketi zake.