Hoteli ya kisiwani ikikwambia ni rafiki wa mazingira, we uliza karo liko wapi

Mi kazi yangu ni maji taka. Najua ukisikia hivyo unacheka, hata shangazi yangu pale Nyegezi akiulizwa mtoto wenu anafanya nini siku hizi anajibu "yuko kwenye mambo ya mazingira" afu anabadilisha stori haraka. Ila ugali wangu unatoka huko huko, kwenye vyoo na makaro, yale matangi ya chini ya maji taka, ya hoteli na lodji za huku ziwani Mwanza, hasa zile za visiwani ambako gari la kunyonya halifiki hata ukilipa mara kumi.

Sasa mwezi uliopita shosti wangu wa tangu sekondari kapandishwa cheo Dar, akasema anataka kusherehekea sehemu isiyo na kelele, isiyo na baa jirani, kisiwani kabisa, na akanilipia usiku mbili. Jina la hoteli naliacha, ni ndogo tu, mabanda manane yamejificha kwenye majabali, na bei ya usiku mmoja mi ingenilipia kodi miezi miwili. Tumeshuka kwenye boti, tumepewa vitaulo vya baridi vinanukia mchaichai, juisi ya pesheni yenye mrija wa karatasi, na meneja, kijana mstaarabu sana, anatuambia "karibuni dada zangu, hapa kwetu kila kitu ni eko".

Nikamuuliza, karo lenu liko wapi?

Akaninyooshea kidole: "Choo kiko pale kulia dada, baada ya bafu."

Shosti kanifinya mkono. Lakini ngoja niwaeleze kwa nini naanzia huko, maana watu wanaona mrija wa karatasi na chupa ya sabuni ya kujaza wanaridhika, wakati mrija ni gramu moja ya karatasi, na mgeni mmoja anayeoga mara mbili kwa siku anatoa ndoo kumi na zaidi za maji machafu kabla hujahesabu jiko na dobi. Hayo maji yanaenda wapi? Kisiwani hamna bomba la MWAUWASA, ile mamlaka ya maji ya Mwanza. Yanaenda ardhini au yanaenda ziwani, na kwa jiografia yetu hivyo viwili mara nyingi ni kitu kimoja.

Mwanza tunajisifu kwa mawe, kila mgeni lazima apige picha na jiwe la Bismarck, ila kwa fundi wa karo hayo mawe ni mtihani. Mfumo wa kawaida unaujua: karo la vyumba viwili, uchafu mzito unabaki chini, maji yanavuka kwenda shimo la kunyonya, udongo unayachuja taratibu. Neno kubwa hapo ni udongo. Ukichimba kwenye visiwa vyetu vingi unakuta mita moja ya mchanga afu jabali zima kama sahani, na jabali halinyonyi. Hata mjini kwenye milima kule Mabatini na Igogo ndo maana ilibidi watu wawekewe mabomba membamba ya maji taka yanayopita katikati ya mawe na nyumba, kwa sababu kuchimba shimo la choo kulishindikana.

Hili sikulijifunza darasani, nimelijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa nyuma nimetoka chuo juzi tu, nikapewa kazi ya karo kwenye lodji moja ya kisiwani, mwenye mali anataka kufungua kabla ya Krismasi, tumechimba mita moja na nusu tumegonga jabali, vijana wamechoka, mi nikaangalia nikasema itatosha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, sisi tulikuwa mita kama 70, makaratasi yamenyooka, picha zimepigwa, kila mtu kasaini. Masika ya kwanza yale maji hayakuwa na pa kuzama, yakatembea juu ya jabali chini kwa chini, huyaoni wala huyasikii, mpaka yakatokea kwenye kighuba kidogo ambako ndiko wageni wanaogelea. Nilirudi kwa ajili ya pampu tu, sina habari. Mzee mmoja anayelinda pampu nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, afu akasema kwa furaha kabisa, "mwanangu, hapa pamenawiri tangu mlipomaliza kazi yenu."

Nikaangalia. Ufukwe wote matete yana rangi ya vumbi ila sehemu moja, upana wa kama hatua nane, yamesimama kijani kibichi marefu kunizidi, na mawe ya pale majini yana utelezi wa kijani ukigusa unanata. Nikainama nikanusa. Basi.

Tulivunja. Shimo la kunyonya likafukiwa, tukajenga kitanda cha kokoto juu ya ardhi, yaani kama tuta kubwa lenye kuta za mawe, chini limetandikwa karatasi nene ya plastiki isiyovuja, ndani kokoto, juu yamepandwa matete. Maji ya karo yanaingia upande huu yanapita polepole katikati ya kokoto, vijidudu vilivyojishika kwenye mawe na mizizi vinakula uchafu, yanatoka upande wa pili yakiwa meupe, na hapo ndo unayapeleka kwenye migomba, siyo ziwani. Hii kitu siyo ya ajabu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia utafiti miaka mingi, na kwa joto letu inafanya kazi vizuri kuliko Ulaya maana vijidudu vya huku havijui baridi ya Januari. Kinachoiua ni vitu viwili. Kwanza mafuta ya jiko, kama hamna kisanduku cha kuyanasa kabla hayajafika karoni basi kokoto zinaziba kama mshipa. Pili ni wahudumu wa vyumba kumwaga dawa kali chooni kila asubuhi, ile ya kuua kila kitu, kweli inaua kila kitu, na wale vijidudu wako wa kazi pia.

Na kwa nini nahangaika hivyo kwa mabanda manane wakati mji mzima uko pale ng'ambo? Ziwa Victoria ni kubwa kweli, karibu kilomita za mraba 68,800, lakini ni sahani siyo kisima, kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na mto unaotoka ni mmoja, Nile pale Jinja. Maji mengi yanayoondoka yanapaa juu kama mvuke, na mbolea haipai. Ukimwaga naitrojeni na fosforasi vinabaki, mwani unashangilia, gugu maji linashangilia, sato hashangilii. Na kwenye kighuba kilichotulia cha kisiwa, mabanda manane yanatosha kabisa kuharibu, hauhitaji mji.

Haya turudi kwa meneja. Alipoelewa swali langu alicheka sana, akamwita fundi wao, na tukazunguka nyuma ya jiko mi na viatu vyangu vya sherehe. Karo zuri, limefunikwa, kisanduku cha mafuta kipo na kimesafishwa, matete yapo. Nikawapa maksi zao. Ila bomba la sinki la kuoshea vyombo vya wafanyakazi lilikuwa linamwaga moja kwa moja kwenye mchanga, na hiyo ni kawaida, sehemu ya wageni inapendeza ila ya wafanyakazi inasahaulika.

Maji ya kutumia. Hapa sisi tuna bahati ambayo Zanzibar hawana. Pale Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja ambacho kimekuwa hifadhi tangu miaka ya 90, hamna maji baridi kabisa, kwa hiyo mabanda yao saba yamejengwa hivi, paa linakusanya mvua, linaishusha kwenye tangi chini ya sakafu, maji ya kuoga yanachujwa kwenye bustani na vyoo ni vya mboji havitumii maji. Mtu akitaka kujua eko halisi ni nini aangalie pale. Sisi tumezungukwa na maji baridi, kwa hiyo uvivu unaingia, weka pampu, vuta. Lakini ziwa letu lina kichocho. Aliyesoma msingi huku anakumbuka kupangwa mstari, kupimwa urefu kwa kijiti afu kupewa yale matembe makubwa machungu ya praziquantel. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwenye konokono wa ufukweni na vinaingia kwa kupenya ngozi, siyo lazima unywe, ukioga tu inatosha. Habari njema ni kwamba visipompata mtu havikai, maji ukiyahifadhi kwenye simtanki siku mbili bila kuingiza mengine vinakufa vyenyewe. Kwa hiyo swali la pili la kumuuliza mwenye hoteli ni: mna matangi mangapi? Akisema moja, maana yake maji mapya yanachanganyika na ya zamani kila saa na hiyo siku mbili haipo. Hawa walikuwa na matatu yanapokezana, halafu chujio la mchanga, halafu klorini. Sawa.

Kuogelea je? Wageni wote wanauliza. Konokono wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo penye mawe na mawimbi hatari inapungua, ila inapungua tu, haiishi, mi mwenyewe niliogelea na nitapima.

Mvua pia wanakusanya kidogo, ila wameezeka nyasi, na nyasi zinapendeza kwenye picha lakini maji yake yanatoka rangi ya chai. Bati la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita moja tu linakupa lita 100. Mimi ningeweka bati kwenye jiko na stoo, nyasi niwaachie wageni.

Umeme nitapita haraka maana watu wa sola wamejaa Mwanza na kila mmoja ana blogu yake. Jua tunalo, kwa hesabu zangu za kazi naweka masaa matano ya jua kamili kwa siku. Shida siyo paneli, shida ni kiyoyozi. Feni ya wati 50 ikizunguka usiku kucha inakula nusu yuniti, kiyoyozi cha kawaida kinaweza kula yuniti tano na zaidi, na zote zinatoka kwenye betri kwa sababu jua limelala. Ndo maana hoteli nyingi zinazosema sola tupu ukiamka saa nane usiku unasikia jenereta inanguruma nyuma ya mlima. Na Mwanza tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku panapoa, ukifungua madirisha pande mbili upepo wa ziwa unapita wenyewe, kiyoyozi cha nini? Shosti wa Dar alibisha mpaka saa nne. Saa tisa kaniamsha anaomba blanketi.

Ila kuna kitu hakiandikwi kwenye matangazo, nacho ni boti. Injini ya farasi 40 ukiikamua inamaliza kama lita 15 kwa saa. Kila mgeni, kila nyanya, kila kreti ya soda inapanda boti. Hoteli inaweza ikawa na paneli za kumwaga na bado ikachoma mafuta kuliko nyumba kumi za Ilemela. Waliojipanga wanaunganisha safari, mgeni anakuja siku ya mzigo. Afu safari ziwe za asubuhi, dhoruba za ziwa letu zinapenda usiku, nchi kavu ikipoa upepo unakimbilia ziwani na mawingu yanarundikana juu ya maji. Ukiambiwa uvuke saa mbili usiku kisa ndege yako imechelewa, lala mjini.

Chakula kilikuwa kizuri, sato wa kukaanga kavuliwa jirani, mchicha wao wenyewe. Ila siagi ya vipakiti na jemu ya nje ya nchi nilishindwa kuelewa, embe zinaoza Ukerewe.

Kama bei hizi hazikuhusu, na mi hazinihusu, kisiwa cha Saanane kiko hapo hapo mjini, hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 2 na kidogo, unaenda asubuhi unarudi jioni. Ukitaka kisiwa cha kweli kweli jichange uende Rubondo kupitia Nkome au Kasenda, hifadhi tangu 1977, hamna kijiji ndani, kuna sokwe ambao babu zao 17 waliletwa pale miaka ya 60.

Usiku wa pili walizima taa saa nne, taa za nje ni chache na za njano, zimeelekezwa chini, kwa hiyo wadudu wa ziwani hawakutuvamia. Tumekaa kwenye jabali. Mbele yetu mstari mzima wa taa juu ya maji, mamia. Shosti akauliza, ule ni mji gani? Nikamwambia siyo mji, ni watu wa dagaa wako kazini.

Asubuhi ya kuondoka vijana wakapakia mizigo yetu, afu wakapakia na mifuko mitatu ya taka, maana sheria yao ni kila kinachokuja kwa boti kinarudi kwa boti. Mama mmoja mgeni akalalamika, kalipa hela zote zile anawekewa taka miguuni. Meneja akaomba radhi, akausogeza mfuko kwangu. Ulikuwa wa chupa za maji, zile za dukani, tulizonunua Mwanza kabla ya kupanda boti kwa kuwa hatukuwaamini. Nikazihesabu. Sita zilikuwa zetu.